Andrew Mukuba: Kijana wa damu ya Kongo ameanza NFL na moto, lakini tusimvishe taji kwa pasi moja

Kama ulilala mapema Jumapili ya Septemba 14, pole, stori ilikupita. Mechi ilianza saa tano na dakika 25 usiku saa za Kenya. Kansas City Chiefs walikuwa nyumbani, Philadelphia Eagles wageni, marudiano ya ile fainali ya Super Bowl ya Februari ambayo Eagles waliwanyorosha Chiefs 40-22. Robo ya nne ndiyo imeanza, Eagles wako mbele 13-10, na Chiefs wamekaribia kabisa laini ya kufunga. Patrick Mahomes anamrushia Travis Kelce. Hawa wawili wamefanya hiyo kitu miaka na mikaka hadi imekuwa kama kupika ugali. Safari hii mpira unagonga mikono ya Kelce, unaruka juu, na msee wa jezi namba 24 anaudaka na kutoka nao mbio yadi 41.

Eagles wakapanda hadi upande ule mwingine, wakafunga, ikawa 20-10. Mechi iliisha 20-17. Toa hiyo pasi moja na huenda saa hii tunabonga stori tofauti kabisa.

Jina la huyo namba 24 ni Andrew Mukuba. Soma tena polepole. Hilo si jina la Texas wala la Philadelphia. Ni jina ambalo ukilisikia huku unauliza kwanza huyu ni wa Bukavu ama Lubumbashi. Na ndiyo maana wasee ambao hawajawahi kuangalia NFL hata dakika moja wameanza kushare hiyo klipu na kusema staa amezaliwa.

Hapo ndipo mimi nasema pole pole. Mukuba ameanza vizuri, hiyo hakuna wa kubisha. Swali ni tunampimaje, juu vile tunavyompima yeye ndivyo tunavyowapima mabeki wetu hapa nyumbani, na kwa hiyo mambo sisi huchoma sana.

Kwanza, huyu kijana ametoka wapi?

Wazazi wake ni Wakongomani waliokimbia vita. Yeye alizaliwa Zimbabwe mwaka wa 2002. Akiwa na miaka 9, familia ikahamia Austin, Texas. Elewa maana ya hiyo: Texas ni mahali ambapo mtoto wa miaka 9 tayari ameshashika mpira wa Kimarekani kitambo, na mechi za shule za upili hujaza uwanja kila Ijumaa. Mukuba alifika kama mgeni kwa nchi na kwa mchezo.

Alisoma shule ya upili ya LBJ hapo Austin, akaenda Chuo Kikuu cha Clemson mwaka wa 2021, akakaa misimu mitatu. Mwaka wa 2024 akarudi Austin kuchezea Chuo Kikuu cha Texas, na msimu huo ndio uliomtengeneza. Alinyaka pasi tano za wapinzani. Januari 1, 2025, kwenye robo fainali ya mashindano ya vyuo, Texas na Arizona State walikabana hadi muda wa ziada mara mbili. Texas walishinda 39-31, na pasi iliyofunga hesabu ilinyakwa na nani? Mukuba.

Aprili 2025 Eagles wakamchukua kwenye drafti, mchezaji wa 64 kwa jumla, wa mwisho kwenye raundi ya pili. Agosti 16, kwenye mechi ya kujipima nguvu dhidi ya Cleveland Browns, akanyaka pasi ya Dillon Gabriel na kukimbia nayo yadi 75 hadi tachidauni. Msuli wa paja ukamsumbua wakati wa mazoezi, lakini ligi ilipoanza Septemba 4 dhidi ya Dallas Cowboys, jina lake lilikuwa kwenye kikosi cha kwanza. Ruki, yaani mchezaji wa msimu wake wa kwanza, anaanza mechi ya ufunguzi kwenye timu ya mabingwa watetezi. Hiyo peke yake ni noma.

Kazi yake, kwa lugha ya soka

Najua kuna msomaji hapa anavaa kofia ya Cowboys aliyotoa kwa mitumba ya Daraja Mbili na hajui Cowboys ni timu ya mchezo gani. Hakuna shida, tutaenda pamoja.

Timu yenye mpira ina nafasi nne za kusonga yadi 10. Ikifaulu inapewa nne nyingine, ikishindwa inapoteza mpira. Anayeanzisha kila kitu ni kotabeki, kama Mahomes. Anaweza kumpa mpira mwenzake akimbie nao, ama aurushe kwa wapokeaji walio mbele.

Upande wa ulinzi kuna mabeki wa aina mbili ambao kazi yao kubwa ni hizo pasi. Konabeki anakaa pembeni, anabanana na mpokeaji mmoja kama fulbeki anayefuata winga hadi choo. Sefti anakaa nyuma yake, katikati, anaona uwanja wote. Ni ule msee ambaye wazee wetu walimwita libero, mtu wa mwisho kabla ya kipa. Tofauti ni kwamba kwa NFL hakuna kipa. Sefti akipitwa, ni pointi.

Mukuba ni sefti. Kwa hivyo ukimsifu ama kumponda, kumbuka huyo ni mtu wa mlango wa mwisho. Konabeki akikosea, sefti anamwokoa. Sefti akikosea, hakuna wa kumwokoa, na kamera yote iko kwake.

Halafu kuna mfumo wa kocha wa ulinzi wa Eagles, Vic Fangio. Huyu mzee anapenda kuweka sefti wawili nyuma na kuficha nia. Kabla mpira uanze, ulinzi unaonyesha umbo moja. Mpira ukianza, watu wanazunguka na umbo linabadilika, ndio kotabeki asome vibaya. Kwa hiyo mfumo sefti ndiye anayebeba akili nyingi: anasoma, anaashiria, anaita wenzake, anabadilisha nafasi kwa sekunde. Mkongwe mwenye miaka saba kwenye ligi huchanganyikiwa hapo. Kumpa ruki hiyo kazi ni kama kumpa kondakta mpya matatu ya Kisii-Nairobi siku ya Krismasi.

Maswali manne ya kumpima

Sasa tuache klipu, tuingie kwa hesabu. Nina maswali manne ambayo naona yanamfaa beki yeyote mchanga, awe wa Philadelphia ama wa Suneka.

La kwanza: alikuwa wapi mpira ulipoanguka? Ile pasi ya Kelce, ukiwa mkali utasema ni bahati. Mpira uliponyoka mikononi mwa mtu mwingine, Mukuba akapewa zawadi. Ni kweli kuna bahati hapo. Lakini bahati haimfuati mtu aliye yadi 15 mbali. Mukuba alikuwa ameshafika, mwili umeelekea mpira, macho yamefunguka, na alipoudaka hakuanguka nao, alikimbia. Msimu wa Texas alinyaka tano, Agosti akanyaka moja, Septemba akanyaka nyingine kwa Mahomes. Mtu akiokota mia tano barabarani mara moja ni bahati. Akiokota kila wiki, uliza anapita njia gani. Hapa namwekea alama ya juu.

La pili: anaangusha mtu? Mukuba ana futi 5 na inchi 11, na ratili kama 186. Kwa mtaa huyo ni msee mwenye mwili. Kwa NFL huyo ni mwembamba. Kabla ya drafti, wasiwasi mkubwa juu yake ulikuwa huo huo: mwili mdogo, majeraha, na kama ataweza kumwangusha mkimbiaji mwenye ratili 220 anayemjia kwa kasi. Mechi tano haziwezi kujibu hilo swali. Mwili wa mtu mwembamba haulalamiki Septemba, unalalamika Desemba, baada ya kugongwa mara mia. Hapa naacha alama wazi.

La tatu: ameelewa mfumo? Ishara nzuri ni kwamba Fangio hajamtoa. Makocha wa aina hiyo hawana huruma na mtu asiyejua pa kusimama, hata kama alichukuliwa raundi ya pili. Kuanzishwa tangu mechi ya kwanza kunasema kwamba darasani amefaulu. Lakini kufaulu darasani na kufaulu mtihani wa mwisho ni vitu viwili, na hiyo inatuleta kwa swali la nne.

La nne: mlango wa nyuma umefungwa? Hapa ndipo mashabiki wa klipu hawapendi kusikia. Cheki Chiefs wenyewe: baada ya ile pasi kunyakwa na Eagles kufika 20-10, Mahomes akamfikia Tyquan Thornton kwa pasi ndefu ya tachidauni, ndio mechi ikawa 20-17. Wiki mbili baadaye, Septemba 28, Eagles waliwapiga Tampa Bay Buccaneers 31-25, lakini Baker Mayfield alitoa tachidauni mbili ndefu vibaya, yadi 77 kwa Emeka Egbuka na yadi 72 kwa Bucky Irving. Halafu Oktoba 5, nyumbani, Eagles walikuwa mbele 17-3 wakiingia robo ya nne na Denver Broncos wakafunga pointi 18 mfululizo. Mechi ikaisha 21-17, kichapo cha kwanza cha msimu.

Sitambebesha Mukuba hizo zote. Ulinzi ni watu 11, na mara nyingine anayechomwa kwa kamera ndiye aliyekuwa anasaidia aliyechomwa kwanza. Lakini kama tutampa sifa ya pasi ya Kelce, basi lazima tukubali pia kwamba tachidauni ndefu hupitia mlango wa nyuma, na yeye ni mmoja wa walinzi wa huo mlango. Huwezi kula sifa ya nyumba kuwa safi na kukataa ya choo.

Kwa hivyo, baada ya mechi ya Oktoba 5, 2025: Eagles walikuwa na ushindi nne na kichapo kimoja. Mechi tano zilikuwa zimechezwa, 12 zimebaki. Kijana ana akili ya mpira, ana miguu, ana moyo. Bado ana maswali ya mwili na ya mipira mirefu. Hiyo inaitwa mwanzo mzuri. Haiitwi staa.

Kijana wa pasi sifuri

Kama bado unaamini beki hupimwa kwa pasi alizonyaka, nikupe mfano kutoka timu hiyo hiyo, mwaka mmoja nyuma.

Mwaka wa 2024 Eagles walichukua mabeki wawili wachanga: Quinyon Mitchell, konabeki kutoka Chuo Kikuu cha Toledo, mchezaji wa 22 kwenye drafti, na Cooper DeJean, wa 40. Mitchell akacheza msimu wote wa kawaida bila kunyaka pasi hata moja. Sifuri. Ungekuwa unafuata matokeo kwa simu tu, ungesema huyu ni hasara. Lakini walioangalia mechi waliona kitu kingine: wapokeaji wake walikuwa wamekauka. Makotabeki walikuwa wanatazama upande wake, wanabadilisha mawazo, wanarusha kwingine. Pasi ambayo haikurushwa haiingii kwa takwimu za mtu yeyote, lakini ndiyo mshahara wa konabeki.

Mechi za mtoano zikafika. Mitchell akanyaka moja dhidi ya Green Bay Packers, halafu nyingine dhidi ya Washington Commanders kwenye fainali ya kundi lao. DeJean naye, kwenye Super Bowl yenyewe, Februari 9, siku aliyotimiza miaka 22, akamnyang'anya Mahomes pasi na kukimbia nayo yadi 38 hadi tachidauni. Dunia ikawajua siku hiyo. Makocha wao walikuwa wanawajua tangu Oktoba.

Unaona vile inageuka? Mitchell alikuwa mzuri kabla ya namba kumkubali. Mukuba namba zimemkubali mapema, na sasa lazima athibitishe yale ambayo hayaandikwi. Wote wawili wanatufundisha kitu kimoja: beki ni mtu wa mambo ambayo hayakutokea.

Hata sisi tulikuwa nao Agosti

Sasa turudi nyumbani, juu hii kitu inatuhusu. Kumbuka CHAN ya Agosti 2025, Harambee Stars wakiwa Kasarani. Tuliwapiga DR Congo 1-0, tukatoka 1-1 na Angola, tukawapiga Morocco 1-0 na Zambia 1-0. Mechi nne za kundi, tulifungwa bao moja tu. Na kwa mechi mbili kati ya hizo, Angola na Morocco, tulibaki wachezaji 10 uwanjani.

Niambie, stori kubwa ya Agosti ilikuwa ya nani? Ryan Ogam. Alifunga dhidi ya Morocco, akafunga dhidi ya Zambia, na kabla mwezi uishe akawa amesaini Wolfsberger ya Austria. Anastahili kila shilingi, sina wivu. Lakini timu iliyofunga mabao manne tu kwa mechi nne na kumaliza kileleni na pointi 10, iliokolewa na nani kama si ukuta wa nyuma?

Halafu ikafika robo fainali, Agosti 22, dhidi ya Madagascar. Beki Alphonce Omija akafunga kwa kichwa, na ghafla kila mtu mtaani anajua jina lake. Kijana amekuwa akisafisha mipira wiki tatu, lakini ilibidi afunge ndio aonekane. Tukatolewa kwa penalti 4-3 baada ya 1-1, na mjadala ukarudi kwa nani alikosa penalti. Ukuta wa bao moja kwa mechi nne ukasahaulika kabla mathree zitoke Kasarani.

Hii tabia iko hata hapa Gusii, tena sana. Shabana walirudi ligi kuu mwaka wa 2023 baada ya miaka 17 nje, na tangu hapo Gusii Stadium ikifunguliwa mji unasimama. Tore Bobe wana mashabiki ambao timu nyingi za Kenya zinawaonea wivu. Lakini sikiza venye tunabonga tukitoka uwanjani. Mshambuliaji akikosa mabao matatu na kufunga la nne, tunamwimbia hadi Daraja Mbili. Beki akisafisha mipira 20 na kuteleza mara moja, tunamwita jina ambalo mhariri hataniruhusu kuandika.

Matokeo yake yako wazi kwa uwanja wowote wa shule kuanzia hapa hadi Nyamira. Uliza vijana 22 wanaocheza jioni nani anataka kuwa beki. Hakuna mkono utainuka. Anayewekwa nyuma ni yule aliyechelewa kufika ama yule ambaye hana viatu. Skauti akija, anaangalia wanaofunga. Mzazi naye akisikia mtoto wake ni beki, anauliza kwa nini kocha hampendi. Kipaji cha kusoma mchezo, kile kile kilichompeleka Mukuba kwa mabingwa wa NFL, kinaozea nyuma kwa sababu hakuna anayejua kukisoma.

Na hiyo ndiyo hasara ya kweli. Washambuliaji ni wengi na wanagombania dirisha moja. Beki mwenye akili ni bidhaa adimu. Joseph Okumu, mtoto wa Kisumu, alipita Sweden, akapita Ubelgiji na Gent, akafika Reims ya Ufaransa, kwa kazi ya kuzuia tu. Njia ipo, sisi ndio hatuiangalii.

Taji la mapema ni mzigo

Kuna upande wa pili wa hii tabia, na unaumiza zaidi. Tukishampenda mtu, tunampandisha haraka hadi hana pa kusimama.

Mkenya wa kwanza kucheza NFL alikuwa Daniel Adongo, msee wa raga aliyesaini Indianapolis Colts mwaka wa 2013. Alikuwa hajawahi kucheza huo mchezo. Desemba mwaka huo huo akaingia uwanjani, na magazeti yetu yakajaa. Kufikia 2015 alikuwa ameachwa. Wengi walimwita bure. Mimi namwona kama mtu aliyejaribu kujifunza lugha mpya huku watu wanadai mashairi.

Linganisha na Jordan Mailata, ambaye saa hii ni nguzo ya Eagles, timu ya Mukuba. Naye alitoka raga, Australia, akachukuliwa raundi ya saba mwaka wa 2018, mchezaji wa 233. Misimu miwili ya kwanza hakucheza mechi hata moja ya ligi. Miwili! Walimficha, wakamfundisha, wakamwacha apone mgongo. Mwaka wa 2020 akaanza, na tangu hapo amekuwa ukuta. Tofauti kati ya hao wawili ni vitu vingi, umri, mwili, majeraha, nafasi. Lakini kimoja kati yao ni muda.

Na ligi yenyewe haina subira na mtu ambaye ameshafika. Nafasi anayocheza Mukuba ilikuwa ya C.J. Gardner-Johnson, aliyenyaka pasi sita msimu wa 2024 na kuvaa pete ya ubingwa. Mwezi mmoja baada ya Super Bowl, Eagles wakamuuza Houston Texans. Septemba, mechi tatu ndani ya msimu, Texans wakamwacha. Pasi sita na pete, na bado anaonyeshwa mlango. Sasa wewe unataka kumwita mtu staa kwa pasi moja?

Hii si ya kuwavunja moyo vijana wetu. Milango inafunguka kweli. NFL walileta kambi yao Nairobi mwaka wa 2023 kutafuta vipaji, wana mpango wa kuwaleta wachezaji wa nje ambao umekuwepo tangu 2017, na mchezo wa flagi, ule ambao hakuna kugongana, utakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Kijana wa Kisii mwenye kasi na macho mazuri hana sababu ya kuona hiyo dunia kama sinema. Lakini aingie akijua kwamba kuingia ni mwanzo, na kwamba watu wanaompigia makofi leo hawatakuwa kwenye mazoezi ya kesho asubuhi.

Kwa hivyo, Mukuba ni moto ama moshi?

Ni moto, lakini bado wa kuni mbichi. Ukiniuliza leo, namweka kati ya ruki wazuri wa upande wa ulinzi msimu huu, kwa sababu tatu ambazo hazihusiani na klipu: amepewa kazi ngumu kwenye mfumo mgumu na hajatolewa, mpira unamkuta mahali panapofaa mara nyingi mno kuwa bahati, na akishaupata anajua la kufanya nao.

Kitakachoniambia kama ni staa ni vitu vitatu, na unaweza kuviangalia hata kama huu mchezo umeujua leo asubuhi. Kwanza, hesabu pasi ndefu ambazo Eagles wanafungwa kuanzia sasa. Zikipungua, mlango wa nyuma umepata mwenyewe. Pili, angalia kama bado anasimama wima Desemba, baridi ikiwa kali na mwili umechoka. Tatu, subiri siku atakapochomwa vibaya mbele ya dunia nzima, juu hiyo siku itafika, hakuna beki ameikwepa, halafu cheki anacheza vipi dakika tano zinazofuata. Hapo ndipo beki huzaliwa.

Na Jumapili ijayo kabla ya kickoff ya huko, Shabana wakicheza nyumbani, fanya jaribio dogo. Chagua beki mmoja wa Tore Bobe na umfuate yeye tu kwa dakika 20, hata mpira ukiwa upande ule mwingine. Angalia anaposimama, anavyomwita mwenzake, anavyogeuza mwili kabla hatari haijafika. Utaona mechi ambayo hujawahi kuona, na nina uhakika ukitoka hapo hutamwita jina baya akiteleza mara moja.